Moduli ya pili ya hesabu ilikuwa laini mno: nimeshushwa au nilijiandaa? Wa SAT ya Jumamosi tukutane hapa

#1 MsafiriWaNamba
Wakuu habari. Nimefanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, Jumamosi na mpaka leo kichwa hakijatulia. Kila somo lina sehemu mbili, ndizo moduli. Moduli ya kwanza ya hesabu ilinitoa jasho, kuna maswali niliyawekea alama ya kuyarudia na moja nimelibahatisha tu. Nikajua ya pili ndiyo kiama. Kumbe laini! Maswali 22 nimeyamaliza, nikabaki naitazama saa ya kwenye skrini inavyohesabu kurudi chini.

Sasa kila mtu anajua mtihani huu wa kompyuta unakusoma. Ukifanya vizuri moduli ya kwanza unapandishwa, ya pili inakuja ngumu. Ukiboronga unashushwa, inakuja nyepesi na dari ya alama inashuka nayo. Kwa mantiki hiyo nimeshazikwa. Au kuna mwingine aliyeiona laini na bado anaamini yuko juu? Tulinganishe majibu tujue moja.

#2 Chumvi Kidogo
Bisi ninazo, siti ya mbele nimewahi. Uzi huu huwa haukosi kila baada ya mtihani.

#3 Kikokotoo
Mleta uzi tulia kwanza. Ukishatoka nje ya chumba kila kitu kinaonekana chepesi. Mimi ya pili ilijaa milinganyo ya duara, vipeo, na ile aina ya mstari unaoigusa parabola mara moja tu. Natunga mfano wangu: mstari y = 2x + c, parabola y = x² + 6x + 5, vinagusana sehemu moja tu. c ni ngapi? Ukiijibu haraka hii, pengine ulikuwa juu na hukujua.

#4 Alfajiri
Hiyo rahisi, 5.

#5 Kikokotoo
5?? Mimi napata 1.

#6 NusuAlama
Mbona mimi aina hiyo sikuiona kabisa? Si moduli ya kwanza, si ya pili. Nyinyi mlifanya mtihani gani?

#7 Moda wa Zamu
Kabla hamjaendelea. College Board, wenye mtihani huu, hawaruhusu kusambaza maswali wala majibu ya mtihani halisi, iwe kwa mdomo, picha au mtandaoni. Unaweza kufutiwa alama au kuzuiwa kufanya mitihani yao mingine. Zungumzieni aina ya swali, namba tungeni zenu kama alivyofanya Kikokotoo. Atakayemwaga swali lenyewe post naifuta na sitamweleza kwa nini.

#8 MzeeWaChaki
Vijana, kwenye mfano huo Kikokotoo yuko sahihi. x² + 6x + 5 = 2x + c, hamishia upande mmoja: x² + 4x + 5 − c = 0. Kugusana mara moja maana yake x ina jibu moja, yaani 16 − 4(5 − c) lazima iwe sifuri. c = 1.

Alfajiri kavutwa na 5 kwa sababu ndipo parabola inapokata mhimili wa y. Mstari ukipita hapo unaigusa kweli, ila unaikata tena kwenye x = −4. Watunzi wanaijua tamaa hiyo, ndiyo maana namba ya namna hiyo haikosi kwenye machaguo.

#9 Alfajiri
Shikamoo mwalimu. Nimeliwa.

#10 MzeeWaChaki
Marahaba. Umeliwa kwenye mfano, si lazima kwenye mtihani.

#11 Kikokotoo
Na hata hiyo hesabu ya mwalimu si lazima uifanye kwa mkono. Ndani ya programu ya mtihani kuna kikokotoo cha Desmos. Andika parabola, andika mstari na herufi c yake, chenyewe kitakuuliza kama unataka kitelezi cha c. Ukikisogeza, mstari unapanda na kushuka na unaona zile doti mbili za makutano zinasogeleana mpaka zinakuwa moja. Hapo soma c, andika, songa mbele. Ndiyo maana nasema moduli ngumu inaweza kuonekana laini kwa mtu anayejua kukitumia.

#12 MsafiriWaNamba
Sawa, lakini hiyo aina ya mstari mimi nilikutana nayo moduli ya KWANZA. Hiyo ina maana gani?

#13 NusuAlama
Ina maana umeshushwa, mkuu. Samahani kwa kusema wazi. Rafiki yangu alitoka anacheka, anasema ya pili ameitafuna. Alama zilipotoka kicheko kikaisha.

#14 Tafakuri
NusuAlama acha kumzika mtu kabla hajafa. Na hapo ndipo linapojibiwa swali lako la #6. Mtihani wa karatasi wote mlikuwa mnapewa kijitabu kimoja au viwili vitatu, mkitoka nje mnaweza kukaa chini na kulinganisha swali kwa swali. Tangu uhamie kwenye kompyuta (nje ya Marekani ilianza Machi 2023, Marekani kwenyewe Machi 2024), kila mtahiniwa anapangiwa maswali yake kutoka kwenye akiba kubwa. Jirani yako wa kulia ana seti nyingine. Kwa hiyo Msafiri kuiona aina fulani kwenye moduli ya kwanza na Kikokotoo kuiona kwenye ya pili haithibitishi chochote. Aina moja ya swali inaweza kutungwa nyepesi, ya kati au ngumu.

Kulinganisha majibu zama hizi ni kulinganisha ndoto. Ila najua mtaendelea, hata mimi nitaendelea.

#15 Chumvi Kidogo
Tafakuri kaua uzi halafu kaomba aendelee kukaa ndani yake 😂

#16 KalamuNyeusi
Mmesahau jambo moja. Kuna maswali mawili hayahesabiwi, yamewekwa kwa majaribio. Inawezekana yale yaliyomtoa jasho Msafiri ndiyo hayo, na mengine yote kapata. Basi kapandishwa, na ya pili kaiona laini kwa sababu yuko vizuri.

#17 Tafakuri
Si mawili kwenye mtihani mzima, ni mawili kwa kila moduli. Kusoma na kuandika ni moduli mbili za maswali 27, dakika 32 kila moja. Hesabu ni moduli mbili za maswali 22, dakika 35 kila moja. Jumla maswali 98, na 8 kati yake ni ya majaribio. Yamechanganywa humo humo bila alama yoyote, kwa hiyo huwezi kuyajua.

#18 KalamuNyeusi
Manane! Basi hoja yangu imenona zaidi.

#19 NusuAlama
Imenona wapi? Kwa moduli ya kwanza ya hesabu yanabaki mawili tu. Yeye anasema "kuna maswali niliyawekea alama". Msafiri, yalikuwa mangapi?

#20 MsafiriWaNamba
Matano hivi. Au sita.

#21 NusuAlama
Haya, toa mawili ya KalamuNyeusi. Yaliyobaki utamkabidhi nani?

#22 BintiHoja
Jamani mnamtesa. Mimi nilimwambia mdogo wangu asibahatishe hata swali moja maana ukikosa unakatwa robo alama. Msafiri umesema moja umelibahatisha, hilo ndilo ningelihofia.

#23 Kikokotoo
Dada, hiyo robo ilikufa Machi 2016, mtihani ulipofumuliwa. Siku hizi kukosa na kuacha wazi ni sawasawa, usiache kitu wazi. Mwambie mdogo wako leo leo.

#24 BintiHoja
Mbona mimi nilifanya kwa robo, na insha juu, na jumla ilikuwa 2400?

#25 MzeeWaChaki
Uliufanya kati ya 2005 na mwanzoni mwa 2016. Ndiyo miaka ya 2400. Baada ya hapo ikarudi 1600, insha ikawa ya hiari, na mwaka 2021 ikaondolewa kwa walio wengi. Huu mtihani una tabia ya kubadilika. Ulianza Juni 1926 na vijana wapatao elfu nane. Maswali ya mlinganisho wa maneno, ambayo wazee wenu tuliyaogopa kuliko hesabu, yaliondolewa 2005. Kila kizazi kinamshauri kinachofuata kwa sheria zilizokwisha kufa.

#26 Chumvi Kidogo
BintiHoja umejitaja umri bila kuulizwa.

#27 BintiHoja
Nitakukata robo wewe.

#28 Mwanamaji
Nauliza tofauti kidogo. Swali la kujaza, jibu ni theluthi mbili, mimi nimeandika 0.67. Watakubali?

#29 Alfajiri
Watakubali, si ndiyo kukadiria.

#30 Kikokotoo
Hawakubali. Maelekezo yapo: jibu chanya lina nafasi tano za herufi, hasi lina sita pamoja na alama ya kutoa. Desimali ikizidi nafasi, ama unaikata ama unaikadiria kwenye tarakimu ya mwisho inayoingia. Kwa hiyo 2/3 sawa, 0.666 sawa, 0.667 sawa, .6666 sawa, .6667 sawa. 0.66 na 0.67 hapana, kwa sababu umeacha nafasi ambazo ungeweza kuzijaza.

#31 Mwanamaji
Daah. Yaani hesabu nimepata na swali nimekosa.

#32 Kikokotoo
Ndiyo maana nawaambia watu waandike sehemu, 2/3, basi. Isipokuwa namba mchanganyiko. Tatu na nusu ukiijaza kama 3 kisha 1/2 mashine inasoma 31/2. Andika 7/2 au 3.5.

#33 Mwanamaji
Usiendelee mkuu, naomba. Kila unachotaja nakumbuka nimekifanya.

#34 MamaWawili
Salaam. Mimi ni mzazi. Kijana wangu tangu Jumamosi hatoki chumbani, yuko kwenye simu na wenzake wanalinganisha majibu. Kila akimaliza kuongea na mmoja anakuja na alama mpya. Asubuhi alikuwa na 1480, mchana 1290, sasa hivi ananiambia nisimuulize. Alama hasa hutoka lini?

#35 Tafakuri
Shikamoo mama. Kwa kawaida kama wiki mbili baada ya mtihani, wengine huchelewa zaidi. Tarehe ipo kwenye akaunti yake. Hizo za mchana na asubuhi ni makisio, usizishike.

#36 Chumvi Kidogo
Mama mwambie achague ile ya asubuhi.

#37 MzeeWaChaki
MamaWawili, mchukulie simu kidogo tu. Na sababu si hasira. Hata angekumbuka kwa usahihi kabisa amekosa mangapi, bado asingejua alama. Hawahesabu tu idadi ya uliyopata, wanaangalia uliyopata ni yapi: ugumu wa kila swali, linatofautisha vipi wanaojua na wasiojua, na uwezekano wa mtu kulipata kwa kubahatisha. Wawili wanaweza kupata idadi sawa na wakatoka na alama tofauti. Ile kanuni ya vijana ya "nimekosa matatu, kwa hiyo 770" ni ramli.

Msafiri nawe nisikilize. Ndani ya kila moduli ya hesabu maswali hupangwa kuanzia mepesi kwenda magumu. Na moduli ya kwanza ni mchanganyiko kwa kila mtu, hivyo mtu yeyote atatokwa jasho mwishoni mwake. Usiniambie moduli nzima ilikuwa laini. Niambie maswali manne ya mwisho ya moduli ya pili yalikuwaje, bila kutaja maswali yenyewe.

#38 MsafiriWaNamba
Shikamoo mwalimu. La mwisho kabisa lilikuwa la kujaza, pembetatu na uwiano wake. La kabla yake lilikuwa na herufi tupu bila namba, nikaweka namba zangu nikapata. Mengine mawili nimesahau, ndiyo ushahidi kwamba yalikuwa mepesi.

#39 Kikokotoo
Herufi tupu bila namba? Hiyo ni ya juu! Nilikwambia.

#40 NusuAlama
Herufi tupu zipo hata kwenye mazoezi ya kawaida. Na kusahau swali kunaweza kuwa ushahidi wa lolote lile.

#41 Chumvi Kidogo
Mimi nina nadharia yangu. Hajapandishwa wala hajashushwa. Yameonekana laini kwa sababu hakuona mtego. Swali linauliza 2x + 1 wewe unatoa x, namba yako ipo kwenye machaguo inakungoja, unabofya unaona dunia nzuri.

#42 MsafiriWaNamba
Chumvi wewe ndiye umeniua kuliko NusuAlama.

#43 KalamuNyeusi
Mnabishana hesabu, mbona hakuna anayegusa kusoma na kuandika? Mimi alama za uandishi ndizo zimenichanganya. Sentensi mbili kamili zimekutana, katikati kuna nafasi. Machaguo: nukta mkato, nukta pacha, mkato mtupu, na hakuna kitu. Mkato mtupu nimeufuta, hakuna kitu nimeifuta. Zimebaki mbili na zote zinaingia. Mliweka nini?

#44 Alfajiri
Ya aina hiyo mimi nimeweka nukta mkato. Ndiyo salama siku zote.

#45 Mwanamaji
Nukta pacha. Sentensi ya pili ilikuwa inaeleza ya kwanza.

#46 Alfajiri
Yangu haikuwa inaeleza, ilikuwa inaongeza tu.

#47 Mwanamaji
Kwa sababu yako si yangu! Soma #14.

#48 KalamuNyeusi
Kuna mtu alinifundisha kwamba nukta na nukta mkato zikitokea zote mbili mahali pamoja, hakuna mabadiliko mengine, basi zote si jibu kwa sababu zinafanya kazi moja. Hiyo naikubali. Lakini nukta mkato na nukta pacha?

#49 BintiHoja
Hapo soma maana. Sentensi ya kwanza ikiahidi kitu (kuna tatizo moja, kuna sababu, walishangaa jambo) na ya pili ikakitoa, ni nukta pacha. Ikiwa ni mambo mawili yanayokaa jirani tu, nukta mkato. Sheria hii haijafumuliwa tangu zama zangu za 2400, msinicheke.

#50 NusuAlama
Tatizo kila mtu anakumbuka sentensi kwa namna inayompa jibu lake. Kumbukumbu ya mtahiniwa ni wakili wake.

#51 Alfajiri
Kama wote mko sawa na mtihani hauonekani tena, tutajuaje kama wao wenyewe hawajakosea? Karatasi zilikuwa zinaweza kukaguliwa. Sasa hivi nikipata alama naona tu vile vibaa vya maeneo manane, swali silioni.

#52 MzeeWaChaki
Swali zuri, na kukosea wamewahi kukosea. Oktoba 1980, kwenye PSAT, mtihani wa kujiandaa na SAT, lilitoka swali la maumbo. Una piramidi ya kitako cha mraba na nyingine ya pembetatu tupu, nyuso zote za pembetatu ni sawa kwa ukubwa. Ukiyagandisha uso kwa uso, umbo jipya lina nyuso ngapi? Wao walisema 7: nne jumlisha tano, toa mbili zilizofichwa. Kijana mmoja wa Florida akajibu 5. Akatengeneza umbo lenyewe akaonyesha kwamba baada ya kugandisha, jozi mbili za nyuso zinalala kwenye bapa moja, kila jozi inakuwa uso mmoja. Wakakubali na kupandisha alama za waliojibu 5.

Mei 1982 ikatokea kubwa zaidi, kwenye SAT yenyewe. Duara A, nusu kipenyo chake ni theluthi moja ya nusu kipenyo cha duara B. A inabingirika kuizunguka B mpaka irudi ilipoanzia. Itajizungusha mara ngapi? Machaguo: 3/2, 3, 6, 9/2, 9. Watahiniwa walikuwa takriban 300,000. Watatu tu ndio walioandika barua kusema jibu sahihi halimo. Swali likafutwa na alama zikahesabiwa upya.

#53 Alfajiri
Mwalimu hapo naona chai. Jibu ni 3 na 3 ipo. Mzingo wa B ni mara tatu ya mzingo wa A.

#54 Kikokotoo
Ndivyo hata watunzi walivyofikiri. Chukua sarafu mbili za aina moja, moja ishikilie, nyingine ibingirishe kuizunguka. Mizingo ni sawa, kwa hiyo ungetegemea ijizungushe mara 1. Tazama kichwa kilichochorwa: ukifika nusu ya safari tayari kimesimama wima tena. Ukimaliza ni mara 2. Kwa maduara ya swali ni 4.

#55 Alfajiri
Nimefanya. Nimeshangaa. Nimerudia nikidhani inateleza.

#56 Tafakuri
Na si hayo tu. Oktoba 2005 karatasi za majibu zilipata unyevu zikatanuka, mashine ikashindwa kusoma vizuri vile viduara vilivyojazwa. Zaidi ya wanafunzi 4,000 walipewa alama za chini kuliko walizostahili, na ikajulikana mwaka uliofuata. Juni 2015 vijitabu viliandikwa dakika 25 kwenye sehemu iliyopaswa kuwa 20, wakaamua kutozihesabu sehemu zilizoguswa. Juni 2018 hapakuwa na kosa la kuchapa, ila hesabu ilikuwa rahisi kuliko kawaida, hivyo aliyekosa machache alishuka sana. Watu walipaza sauti mtandaoni wakitaka zisahihishwe upya, College Board wakasimama na kanuni yao ya kusawazisha mitihani.

#57 NusuAlama
Juni 2018 ndiyo inaniunga mkono. Mtihani laini ni hatari kuliko mgumu.

#58 Tafakuri
Hapana, ile ilikuwa karatasi moja kwa wengi. Sasa hivi ugumu wa kila swali unajulikana kabla, ndiyo kazi ya yale manane ya majaribio.

#59 NusuAlama
Unajulikana kwao. Mimi nazungumzia aliye chumbani.

#60 PembeYaKiti
Wakuu kwani kuna ulazima gani? Vyuo vya Marekani si viliachana na huu mtihani tangu korona? Mnaumiza vichwa bure.

#61 Kikokotoo
Vingine viliacha, vingine vimerudi. MIT walirudisha 2022. Dartmouth, Brown na Harvard walitangaza kurudisha 2024. Chuo Kikuu cha California ndicho hakiangalii kabisa. Angalia chuo kimoja kimoja.

#62 PembeYaKiti
Ahsante. Narudi kujificha.

#63 MamaWawili
Nimemchukulia simu. Ameazima ya mdogo wake.

#64 Chumvi Kidogo
😂😂😂 Mama huyo atafaulu tu.

#65 MsafiriWaNamba
Nauliza moja la mwisho. Kama nimeshushwa kweli, dari iko wapi? Yaani nikipata yote ya moduli nyepesi naishia ngapi kati ya 800?

#66 NusuAlama
Huko sigusi. Kila kundi lina namba yake, na hawajaweka wazi mpaka ule wa kupanda na kushuka uko wapi. Nijuacho ni kwamba dari lipo.

#67 Kikokotoo
Na mimi najua kwamba mtu aliyeshushwa haulizwi herufi tupu kwenye swali la 21.

#68 BintiHoja
Msafiri, kama unawaza kuomba alama zifutwe, usiombe kwa sababu ya uzi huu. Ukishazifuta hazirudi, na hutakaa ujue zilikuwa ngapi. Kuna vyuo vinachukua hesabu bora kutoka mtihani mmoja na kusoma bora kutoka mwingine.

#69 MsafiriWaNamba
Sifuti. Ila Chumvi na 2x + 1 yake bado ananisumbua.

#70 Alfajiri
Nirudi kwenye duara. Nimekubali 4 kwa macho, kichwa kinakataa. Nikiikata B na kuinyoosha iwe mstari, A inabingirika juu yake mara 3. Ya nne inatoka wapi?

#71 MzeeWaChaki
Fuata kitovu cha A, usifuate ukingo. Nusu kipenyo cha A ikiwa 1, ya B ni 3, kitovu cha A kinatembea kwenye duara la nusu kipenyo 4. Mzunguko mmoja wa A unakipeleka kitovu umbali wa mzingo wake mmoja. Mara 4. Kwenye mstari ulionyooka unapata 3 tu, ya ziada inatokana na njia yenyewe kukunja.

#72 NusuAlama
Mwalimu, kwa ruhusa. Wanafalaki wana namna mbili za kusema kuzunguka: dunia kujizungusha yenyewe, na dunia kulizunguka jua. Swali likisomwa kwa maana ile ya pili, A imeizunguka B mara 1 tu. Nayo haikuwemo kwenye machaguo.

#73 Kikokotoo
Lakini ukiwa umesimama juu ya B ukihesabu mara ngapi doti ile ile ya A inaigusa B, ni 3.

#74 Alfajiri
Kwa hiyo ni 1, 3 au 4?

#75 Mwanamaji
Vyovyote iwavyo, andikeni kama sehemu. 4/1.